Karatasi ya Tarumbeta ya Anaeli

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kalamu. Nilipewa kipande cha fulana kuukuu, chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, na matarumbeta kumi na moja yaliyolazwa juu ya meza nyuma ya kanisa letu, Machame. Mmisionari Mjerumani aliyesimamia muziki, ambaye sote tulimwita Bwana Mchungaji wa Nyimbo, alinionyesha namna ya kuchomoa vibonyezo vitatu vya kila tarumbeta, kuvifuta, kuvitia tone moja la mafuta na kuvirudisha kila kimoja kwenye tundu lake. Mimi nikavichanganya. Jioni wapigaji walipokuja kwa mazoezi, rafiki yangu Anaeli akaweka lake mdomoni, akavimbisha mashavu, ikatoka pumzi tupu.

"Nani ameshika tarumbeta langu?"

"Mimi."

"Aisee Eliabu, umeliziba pua!" Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifundisha upya, kibonyezo kimoja kimoja, mpaka nikaweza kufanya kazi ile macho yamefungwa. Tulibatizwa siku moja mimi na yeye, na kihamba chao, shamba la ukoo, kilipakana na chetu, mfereji mmoja ukimwagilia migomba ya kwao na ya kwetu. Nawaambia haya mapema ili mjue niliyemtenda ni nani.

Baada ya mwaka mmoja wa kufuta na kupaka mafuta nilipandishwa kuwa mnakili wa noti za muziki. Vijana wa leo mnatia karatasi kwenye mashine, mnabonyeza, zinatoka kumi zinazofanana. Sisi tulikuwa na kalamu yenye midomo mitano, inayochora mistari mitano kwa mkupuo mmoja, na mkono ukitetemeka kidogo tu karatasi nzima imeharibika. Mtunzi anaandika kitabu kikuu, ambamo sauti za vyombo vyote zimepangwa moja juu ya nyingine ili msimamizi azione pamoja. Mpigaji hahitaji kuona yote hayo. Kwa hiyo mnakili anachambua: anatoa sauti ya tarumbeta peke yake na kuiandika kwenye karatasi ya mwenye tarumbeta, ya filimbi kwa mwenye filimbi, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukiruka kituo kimoja, mtu mzima mwenye mvi anaaibika mbele za watu, wala hajui kwa nini.

Kuna jambo moja la ufundi lazima nilieleze hapa, maana habari yangu yote imesimama juu yake. Matarumbeta ya aina ile yana kiburi chake. Ukipuliza ile noti ambayo Waingereza wanaiandika Do, sauti inayotoka si Do ya kinanda. Inatoka chini yake hatua moja. Sasa kuna njia mbili za kulimaliza tatizo hilo. Waingereza wanaandika karatasi ya tarumbeta ikiwa imepandishwa hatua moja, ili sauti ikishuka yenyewe ikutane na kinanda. Wajerumani wa misheni walitufundisha vingine. Karatasi iliandikwa kama kinanda kilivyo, na mpigaji alijifunza tangu utoto kubonyeza vidole vya juu yake, hesabu ikifanyika mikononi. Njia zote mbili ni nzuri. Lakini mtu wa misheni ukimpa karatasi ya Kiingereza, atapiga kila noti kwa usahihi kabisa na atakuwa hatua moja juu ya wenzake toka mwanzo hadi mwisho.

Bwana Mchungaji wa Nyimbo alituambia siku moja, akigonga meza kwa kidole: "Mnakili hamwandikii karatasi. Mnakili anamwandikia mtu. Kwanza ujue huyo mtu anasoma vipi." Nikaitikia, ndiyo Bwana. Kuitikia nilikuwa hodari.

Miaka ya thelathini nikateremka Moshi mjini, kwenye klabu moja ya Wazungu, nikawa karani wa vyombo vya muziki. Bosi wangu alikuwa Bwana Katibu wa Klabu, mzee mwenye miguu mibovu ambaye muziki wenyewe ulimkera. "Karani," aliniambia siku ya kwanza, "hivi vitu vikipasuka ni vyako, vikilia vizuri ni vyangu." Alikuwa mtu wa mzaha lakini hakutania sana hapo. Mji ule una kiangazi cha vumbi na masika ya matope, na vyombo vya nyuzi havipendi vyote viwili. Selo, yaani fidla kubwa inayokaa katikati ya magoti, ilifunguka gundi kila Januari, basi nikawa naweka bakuli la maji ndani ya kabati lake ili mbao zisikauke. Piano ilivimba vidole wakati wa mvua, ukibonyeza kimoja vinashuka vitatu. Nilijifunza kuyatibu hayo yote, na nakiri nilianza kujiona mtu mkubwa.

Ndipo akaja Bwana Mpimaji. Alikuwa Mwingereza mwembamba, mpima ardhi wa serikali, anazunguka mlima kutoka Sanya Juu hadi Tarakea na minyororo yake na vigingi, na katika daftari lile lile la vipimo alikuwa anaandika muziki. Si muziki mliouzoea. Ulikuwa muziki mpya, wa wakati ule ule, sauti zinagombana makusudi halafu zinapatana ghafla mahali usipotazamia. Bwana Katibu akiusikia alifunga mlango. Mimi ulinichukua wiki kadhaa, kisha siku moja nikajikuta nauimba njiani kwenda Kwa Sadala.

Bwana Mpimaji hakutaka bendi kubwa. Alitaka watu sita: filimbi, klarineti, fidla, selo, piano, na chombo kimoja cha shaba. Alinieleza sababu tukiwa tunapanga viti. "Katika bendi ya watu arobaini, chombo kinaweza kuwemo kwa desturi tu. Katika watu sita kila chombo lazima kijieleze kwa nini kimekuja." Kila sauti ina mtu mmoja, hakuna wa kujificha nyuma yake. Filimbi hewa yake ni nyepesi, huwezi kuiweka chini ukaisikia. Selo ukiipandisha juu sana inalia kwa uchungu, na mara nyingine huo uchungu ndio unaoutaka. Klarineti inakaa na kila mtu kama mgeni mwenye adabu. Shaba ndiyo kazi. Tarumbeta moja linaweza kuwameza watano wote.

"Nani anapuliza vizuri kuliko wote huko mlimani?" akaniuliza.

Sikufikiri hata kidogo. "Anaeli, Bwana."

Nilimleta mwenyewe. Tuliingia kwa mlango wa jikoni, maana mwingine haukuwa wetu. Wazungu wanne na bibi wa piano, mke wa mwalimu mmoja, wakamtazama mkulima huyu wa kahawa mwenye koti la kuazima. Anaeli akapuliza ubeti mmoja wa wimbo wa Pasaka, ule tuliopiga makaburini alfajiri, akaupuliza kwa sauti ya chini hivi kwamba bibi wa piano aliacha kikombe chake hewani. Hatukuwa na kizibo cha tarumbeta cha kupunguza sauti. Bwana Mpimaji akavua kofia yake ya sufu akaitundika kwenye mdomo wa tarumbeta, na hapo hapo akaanza kuandika.

Mwaka mzima kundi lile lilifanya mazoezi Jumamosi mchana. Vipande vidogo vidogo vya mwanzo nilimwandikia Anaeli kwa njia ya misheni. Bwana aliandika kitabu kikuu kwa njia ya Kiingereza, na mimi nikawa namshushia rafiki yangu kila noti hatua moja, kazi ya kichwa na ya mkono. Bwana Mpimaji hakujua. Hakujua hata kama njia ya misheni ipo duniani, na mimi sikuona haja ya kumwambia; ilikuwa siri ya ufundi wangu, na nilikuwa naionea fahari. Anaeli huko juu alikuwa anazungumzwa. Wazee wa kanisa walikuwa wamekubaliana kwamba Bwana Mchungaji wa Nyimbo akirudi kwao, kikundi cha matarumbeta kitakuwa mikononi mwa Anaeli. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, Elinami, na baba mtu alikuwa anampulizia kitoto kile nyimbo za Wazungu migombani.

Kisha Bwana Mpimaji akamaliza kazi yake kubwa, kipande cha robo tatu ya saa kwa watu sita. Wageni wangekuja kusikiliza kutoka Arusha na Nairobi. Alinikabidhi kitabu kikuu akasema: "Karani, mwandiko wako siku hizi ni kama wa kiwandani. Onyesho likipita salama nitaandika barua uende Dar es Salaam, wana bendi huko na hawana mnakili." Loo! Kichwa kilinivimba. Niliandika karatasi zile kwa majuma matatu, na sijawahi kuandika vizuri vile kabla wala baada. Vichwa vya noti vilikuwa mviringo mmoja. Niliandika kwa macho tu, nikitazama uzuri wa mkono wangu. Karatasi ya Anaeli niliinakili moja kwa moja kutoka kitabu kikuu, kama ilivyo, wala sikumshushia hata noti moja. Nilisahau. Nasema nilisahau na ni kweli, na kama habari ingeishia hapo nisingekuwa na haja ya kuandika chochote leo.

Anaeli aliichukua karatasi nyumbani akafanya mazoezi peke yake. Sasa mtu akiwa peke yake migombani hawezi kujua kwamba yuko hatua moja juu, kwa sababu juu ya nani? Wimbo ni ule ule. Akaja Jumamosi ameujua wote kwa kichwa.

Walianza. Filimbi na fidla zikaingia, selo ikaingia, halafu tarumbeta. Nilikuwa nimekaa pembeni na kitabu kikuu mapajani. Kwa kuwa muziki wenyewe ni wa sauti kugombana, dakika ya kwanza hakuna aliyeshtuka. Bwana Mpimaji peke yake alikunja uso. Akasimamisha.

"Tarumbeta. Tena."

Anaeli akarudia. Akasimamishwa. Akarudia.

"Sivyo! Unapiga nini wewe?"

Anaeli akasema kwa upole, "Bwana, napiga ilivyoandikwa. Lakini na mimi nasikia niko juu."

Bwana Mpimaji akaja akachukua karatasi ile, akaninyang'anya na kitabu kikuu, akavilinganisha mstari kwa mstari. Vilifanana kabisa. Akanigeukia. "Karani, karatasi hii ni sahihi?"

Hapo ndipo nilipojua. Niliona karatasi nzuri ile na noti zake zote zikiwa mahali pa Kiingereza. Ningesema: Bwana, ni kosa langu, mtu huyu anasoma kwa njia nyingine, nipe siku mbili nimwandikie upya. Maneno hayo yangeisha kabla chai haijapoa.

"Ndiyo, Bwana," nikasema. "Ni sahihi."

Na ilikuwa sahihi, mnaona? Nimejificha nyuma ya neno hilo miaka mingi. Lakini Anaeli akanigeukia, akaniuliza kwa lugha yetu ya nyumbani ili wasielewe, hakutaka kunichongea: "Eliabu, umenishushia?"

"Nimekushushia."

"Una hakika? Mbona nasikia niko juu?"

"Labda masikio yako leo," nikamwambia. "Pumzika kidogo, ujaribu tena."

Hilo ndilo neno. Nimelisema kwa mdomo wangu huu. Nilimwona akiamini. Aliinamisha kichwa, akatikisa sikio kwa kidole kama mtu aliyetoka mtoni, akajaribu tena, na safari hii kwa woga, midomo ikitafuta sauti ambayo karatasi haikuwa nayo. Ikatoka vibaya kuliko mwanzo. Mwenye fidla akacheka.

Halafu likaja la kunimaliza. Klarineti ile nayo ni chombo cha kiburi kile kile, inashuka hatua moja kama tarumbeta, na mpigaji wake alikuwa Mwingereza, anasoma kwa njia ya Kiingereza. Bwana Mpimaji akamwekea karatasi ya Anaeli mbele yake. "Hebu ijaribu wewe." Akaijaribu. Ikalia barabara, kila kitu kikakaa mahali pake, bibi wa piano akatabasamu. Wapigaji wote watano, Bwana Mpimaji na mimi, tukamtazama Anaeli.

Bwana Mpimaji hakuwa mtu mkali. Alisema pole pole, na nadhani alisikitika kweli: "Nyimbo za kanisani unaziweza kwa sababu umezizoea. Hizi zinahitaji sikio. Wewe huna sikio, rafiki yangu." Akaivua kofia yake kwenye tarumbeta, akaivaa.

Anaeli akafuta tarumbeta, akalitia katika mfuko wake wa gunia, akatoka kwa mlango wa jikoni. Nilimfuata mpaka uani. Nikitaka kumwambia nini, sijui. Yeye ndiye aliyesema kwanza. "Nisamehe, ndugu yangu, nimekutia aibu. Wewe ndiye uliyenileta." Nikamwambia si kitu. Mungu wangu! Nilimwambia si kitu.

Mkiniuliza kwa nini, nimewahi kujipa majibu mengi. Kwamba mimi nilikuwa Mwafrika wa kwanza kushika kazi ile na nikikosea watasema wote hatuwezi. Kwamba siku zilikuwa chache. Uongo mtupu. Niliogopa kuikosa barua ya Dar es Salaam, na niliona haya kuonekana sijui mbele ya watu walionisifu. Hakuna zaidi ya hapo.

Jumatatu Bwana Mpimaji aliniamuru nipange upya kipande kile kwa watu watano. Hiyo ni kazi ya ufundi mkubwa, kuondoa chombo katika kundi dogo. Mahali pa kelele nikampa klarineti, mahali pa chini nikampa selo, zile noti ndefu za mwisho nikampa bibi wa piano ingawa piano haiwezi kushikilia sauti, inakufa mkononi. Niligawa noti za Anaeli kama watu wanavyogawana nguo za marehemu. Onyesho lilipita salama. Barua iliandikwa.

Nilikaa Dar es Salaam miaka, kwa Bwana Mkuu wa Bendi, askari mstaafu aliyepima kila karatasi kwa rula. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika juu kabisa ya kila karatasi, kabla ya jina la wimbo, kwa njia gani imeandikwa. "Mpigaji asikuulize," alisema, "asome mwenyewe." Nilijifunza huko kunakili kwa bendi ya watu hamsini na kwa kundi la watu watatu, na nilifundisha wanakili wengine, na wote niliwaambia habari ya njia mbili za tarumbeta. Wakiniuliza nilijuaje, nilisema nilisoma mahali.

Kila likizo nilipanda nyumbani, na kila likizo nilikula kwa Anaeli. Mke wake, Mama Elinami, alinipikia mtori wenye nyama na kunikatia ndizi za kubeba. Tarumbeta lenyewe alikuwa amelirudisha kanisani juma lile lile alilochekwa. Wazee walimsihi aongoze kikundi, akakataa, akawaambia masikio yake yameharibika, kwamba aliposikia sawa alikuwa amekosea na hajui tangu lini. Hakuimba hata kwenye benchi. Alisimama wimbo ukiimbwa, kitabu mkononi, midomo imefungwa. Aliyechukua kikundi hakukiweza, kikafifia. Mimi nilikuwa nakaa benchi la nyuma yake nikiitazama shingo yake.

Elinami alipokuwa na umri wa kuanza kufundishwa, alimwomba baba yake ajiunge na matarumbeta. Nilikuwepo, kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kiko kati yetu. Anaeli akamwambia, bila ukali: "Mwanangu, sisi hatuna masikio. Mimi nilijidanganya mpaka nikachekwa na watu. Sitaki na wewe uchekwe." Mtoto akanitazama mimi, mtu wa muziki wa Dar es Salaam, nimwombee. Nikanywa mbege.

Nilistaafu miaka ya mwisho ya Waingereza. Nikarudi kihambani na sanduku la kalamu na sifa nyingi, na kanisa likanipa hicho kikundi kilichofifia nikifufue. Jumapili ya kwanza Mchungaji wa usharika alinisimamisha mbele, watu wakapiga vigelegele, na Anaeli akapiga makofi kuliko wote, mikono juu. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Jumatatu asubuhi nikakata jani la sale mpakani mwa kihamba changu, nikalikunja fundo, nikaenda kwake.

Msio wa huku mjue: kwetu Uchaggani mtu akikuletea sale kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Ndivyo tulivyolelewa. Anaeli alikuwa anachambua kahawa ukumbini. Aliliona jani mkononi mwangu, akaacha kazi.

"Hilo liache nje," akasema.

"Anaeli..."

"Liache nje, Eliabu. Ukiingia nalo itanibidi nikusamehe kabla sijajua nasamehe nini. Liweke hapo, uje ukae, useme."

Nikaliweka juu ya jiwe la mlangoni. Nikakaa. Nikasema yote, karatasi, njia ya Kiingereza, kitabu kikuu, klarineti. Nilisema vibaya, nikirudi nyuma na kuruka mbele, na yeye hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika punje ya kahawa kati ya vidole.

"Basi nilipiga sawasawa?"

"Ulipiga sawasawa."

"Kila noti?"

"Kila noti, Anaeli. Kama ilivyoandikwa."

"Na niliposema niko juu?"

"Ulikuwa juu. Ulisikia vizuri kuliko sisi wote."

Aliiweka chini punje ile. Nilitamani anitukane, anipige, afanye chochote. Akaita, "Mama Elinami! Hebu njoo." Mke wake akaja na mikono ya unga. "Mwambie na huyu," akasema. "Yeye ndiye niliyerudi nikamwambia sina masikio."

Nikasema tena mbele ya mama yule. Alisikiliza akiwa amesimama. Akasema, "Shemeji, miaka yote hii umekuwa unakula kwangu." Akanigeuzia mgongo akarudi jikoni, na tangu siku ile sijaonja chakula chake.

"Bado mmoja," Anaeli akasema. Akatoka mlangoni akamwita Elinami, aliyekuwa bondeni anakata majani ya ng'ombe. Alikuja kijana mrefu, mabega mapana, ana kifua cha mpuliza tarumbeta kama cha baba yake, panga mkononi. "Shikamoo, baba," akaniamkia. Nikashindwa kuitikia marahaba. Nikamweleza yeye naye, mara ya tatu, nikitazama miguu yake yenye matope, kwamba baba yake hakukosa masikio, kwamba aliyekosa ni mimi.

Elinami hakukasirika. Ndilo lililoniumiza. Alifikiri kwanza, kama mtu anayepiga hesabu ya kitu kilichopita mbali, kisha akaniuliza kwa adabu ile ile ya kumsemesha mtu mzima:

"Kwa hiyo, baba, na mimi ningeweza?"

Nimewafundisha watu wengi kazi hii, na nimeulizwa maswali mengi magumu na mabwana wa kila aina. Sikuwahi kuulizwa swali zito kama hilo. Nilimjibu ukweli, maana ulikuwa umebaki huo tu.

"Ungeweza, mwanangu."